Jicho Lililomsingizia Kagendo

Bwana asifiwe! Mkiitikia, litazameni hili jicho langu la kushoto. Limekauka! Miaka minne limetiririka kama mfereji wa shamba, na wengi wenu hapa Kanyakine mlinipa vitambaa vyenu nijipanguse.

Ndugu zangu, mimi sikusoma sana, kwa hivyo nitasema wazi. Jicho lilikuwa bovu. Kale kanjia kanakoshusha machozi kwenda puani kalikuwa kameziba. Lakini nyinyi mliona machozi mkasema ni huzuni. Na mjane anayekaa na mke wa mwanawe akiwa na huzuni, mnajua hulaumiwa nani. "Pole, Mama Mwenda. Huyo Kagendo anakutesa." Nami nikafanya nini? Nikanyamaza! Nikashusha pumzi, nikapangusa jicho. Nikaletewa ndizi, nikaletewa maziwa, nikaombewa hapa mbele. Kagendo akawa anasalimiwa kwa ncha za vidole. Mimi nikala ndizi. Zilikuwa tamu!

Halafu jicho likaingia usaha, uso ukavimba kama kiazi. Nani alinipeleka hospitali? Kagendo. Nani alinishika mkono mpaka mlango wa chumba cha upasuaji? Kagendo.

Nikarudi nyumbani na kamrija kembamba ndani ya jicho, pamoja na masharti. Usipenge kamasi. Usiiname. Usikaribie moshi. Ukipiga chafya, fungua mdomo. Na siku ya kwanza, chai moto hakuna! Nikamuuliza Kagendo, "Hii ni chai ama umeosha sufuria?"

"Kunywa, Mama," akasema. "Maziwa hutoka vuguvugu, na ng'ombe mwenyewe hajalalamika."

Siku ya tano akaenda kukata nyasi. Nikasikia githeri ya mahindi na maharagwe inachemka kwa uvivu. Ndugu zangu, kiburi! Mimi nifundishwe moto? Nikaingia jikoni, nikainama, nikapuliza. Moshi ukanijaa, chafya ikaja, na mimi nikabana pua na kufunga mdomo kama mtu mwenye heshima zake. Wuui! Damu ikatoka puani mpaka kwenye nguo.

Kagendo akafika, akatupa nyasi, akanikalisha, akanishika uso. Papo hapo jirani yetu Mama Karimi akaingia. Akaona damu. Akaona mkono wa Kagendo usoni pangu. Akapiga nduru: "Njooni! Leo amempiga! Amempiga mama ya watu!"

Watu wakaja mbio, wengine na panga za kazi mkononi. Kagendo hakujitetea. Aliniangalia tu. Macho yake yalikuwa makavu kabisa, na kwa miaka hiyo yote ndiye aliyekuwa na sababu ya kulia.

Nikamwita Yesu moyoni. Nikasimama, damu na yote. "Mama Karimi, nyamaza! Aliyenipiga ni kiburi changu. Huyu hajanitendea ubaya hata siku moja. Jicho lilikuwa gonjwa, na mimi nikaliacha liseme uongo."

Wenye panga wakazishusha. Halafu Mama Karimi akauliza, "Na ndizi zangu?"

"Nilikula. Nisamehe."

Kagendo ndiye aliyecheka kwanza. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, nami nikalia naye, machozi ya kweli sasa, ya macho mawili. Damu ikakoma. Kamrija hakakutoka mahali pake. Juzi daktari alikatoa, akasema njia iko wazi kabisa. Haleluya!

Ndugu zangu, daktari alizibua jicho, lakini Yesu alizibua mdomo, na huo ndio ulikuwa umeziba zaidi. Wewe unayelishwa na uongo wako, najua ni mtamu. Mpelekee Yesu hivyo hivyo ulivyo. Hatakuaibisha. Mimi amenisimamisha hapa na uzee wangu, na sijaanguka.

Sasa Kagendo, binti yangu, simama. Na nyinyi akina mama, mmoja mmoja, njooni mmsalimie kwa mkono mzima. Mama Karimi, anza wewe. Nawatazama, na siku hizi naona vizuri.