Usinisogezee Mshale

Ndugu, majirani, walimu wenzake na nyote mliowahi kukaa kwenye madawati ya Mwalimu, poleni, na asanteni kwa kuja. Maneno haya yameandikwa na mdogo wake wa kike, na mengi ameyapata kwa mume wa marehemu, ambaye aliomba jambo moja tu: yasipambwe. Mliomfahamu marehemu mnajua kwa nini.

Alizaliwa tarehe 9 Agosti 1958, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, akiwa binti wa kwanza wa fundi wa injini za treni na mshonaji wa nguo. Mama alipenda kusema kuwa watoto wengine walizaliwa wakilia, huyu alizaliwa akiuliza. Hajaanza hata shule, baba alirudi kazini akamkuta amekaa sakafuni, saa ya mezani iko wazi mbele yake, vigurudumu vimesambaa mpaka chini ya kabati. "Unatafuta nini humo, wewe mtoto?" baba alifoka. "Natafuta jana," akajibu. "Si ilipitia humu?" Baba alikuwa ameshaivua kandambili tayari kumchapa nayo. Akabaki ameishika tu.

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa ng'ambo ya reli, kisha sekondari ya bweni ya wasichana, ambako aling'ang'ania fizikia ingawa mkuu wa shule alimshauri achukue upishi. Kwa upishi, tuseme ukweli, taifa halikupoteza kitu. Mwaka 1983 alihitimu shahada ya ualimu, na mwaka huohuo akapangiwa sekondari ambako alifundisha mpaka alipostaafu mwaka 2018. Maabara yake ilikuwa chumba cha mwisho kwenye korido, chenye madirisha yasiyofungika vizuri na harufu ya spiriti iliyoingia mpaka kwenye sweta zake.

Wanafunzi walimwita Mwalimu Bado. Jina hilo lilitokana na swali ambalo kila darasa la mwaka wa mwisho lilimuuliza likidhani ndilo la kwanza kuliwaza: je, mtu anaweza kusafiri akafika wakati mwingine? Mwalimu alikuwa akifuta ubao wote kwanza. Halafu alisema, "Mbele inawezekana. Nyuma bado." Akaeleza kwamba saa inayokwenda mbio hupiga polepole kuliko iliyotulia, na kwamba hilo limepimwa, kwa hiyo mtu akipaa kwa kasi kubwa kuliko tunayoiweza leo, akarudi, angekuta wadogo zake wamekuwa wazee. Safari hiyo ni halali kabisa, ila haina tiketi ya kurudi. Kuhusu nyuma, alisema kuna mahesabu yanayoacha mlango wazi kidogo, lakini yanadai vitu ambavyo hakuna aliyewahi kuviona. Tena kuna fumbo lake. "Wewe hapo nyuma, umefeli mtihani. Unarudi wiki iliyopita kujipa majibu. Unafaulu. Sasa uliyefaulu utarudi kufuata nini? Na usiporudi, majibu kayaleta nani?" Darasa lilikuwa likilipuka kwa ubishi, na yeye alikaa juu ya meza akiwaangalia, ameridhika kama mtu aliyeshiba.

Kila mwaka pia aliweka saa mbili, moja sakafuni maabara na nyingine juu ya mnara wa tangi la maji, kwa kuwa saa iliyo juu huenda haraka kidogo kuliko iliyo chini. Aliwaambia mapema kwamba tofauti hiyo ni ndogo mno na saa zile haziwezi kuionyesha. Alitaka wajifunze kwamba jambo laweza kuwa kweli bila kuonekana kwa macho. Saa hizo zilitoka kwenye kibanda cha fundi saa kando ya posta, kijana mpole aliyekuwa akimtazama Mwalimu kwa kioo chake cha jicho moja hata pale ambapo hakukuwa na saa ya kutazama.

Mwaka 1984 saa ya mnarani ilishuka ikiwa imetangulia dakika nzima. Wanafunzi walipiga kelele mpaka mkuu wa shule akatoka ofisini. Mwalimu alizifunga saa zote mbili kwenye leso, akaenda moja kwa moja kwenye kibanda.

"Umeifanya nini saa yangu?"

Fundi alijaribu kujichekesha, akashindwa. "Niliisogezea mshale kidogo, Mwalimu. Nilitaka ufurahi."

"Sikiliza, fundi. Nikitaka kufurahishwa nitakwambia. Nikitaka kujua, nijulishe kilichopo. Usinisogezee mshale."

Kesho yake alisimama mbele ya darasa akayafuta matokeo yale kwa mkono wake mwenyewe, na wanafunzi wakanuna juma zima. Fundi naye alifunga kibanda, akaja kuomba radhi mbele yao, koti lake la kazi limejaa mafuta. Anasema alitoka pale akijua kwamba ama atamuoa mwanamke huyu ama hataoa kabisa. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 21 Desemba 1985. Kwenye sherehe bwana harusi alichelewa, fundi saa mzima, na hajawahi kutoa sababu inayoeleweka.

Mungu aliwajalia watoto wawili. Binti yao alizaliwa tarehe 3 Juni 1988, na kwa jinsi alivyokuwa akipiga domo toka anaamka mpaka analala, nyumba nzima ilimwita Chiriku. Mdogo wake wa kiume, ambaye leo ni fundi umeme, alizaliwa mwaka 1991.

Sasa tunafika mahali ambapo mwandishi angeruka kama angeruhusiwa. Alhamisi, tarehe 17 Novemba 1994, Chiriku aliamka na homa. Mwalimu alikuwa anasimamia mtihani wa taifa, na msimamizi akishafunga mlango wa mtihani hatoki. Baba mtu alimbeba mtoto begani mpaka hospitali. Wakasema ni homa ya uti wa mgongo, wakamwandikia dawa ambayo haikuwepo pale, akakimbilia duka la dawa la jirani. Aliporudi ameshika mfuko wa dawa, muuguzi alikuwa amesimama mlangoni, na kwa namna alivyosimama hapakuwa na haja ya kuuliza. Chiriku alikuwa na miaka sita. Alikuwa amemuulizia mama yake mara nyingi. Mwalimu alifika akiwa bado na chaki mfukoni.

Mumewe alikuwa na njia ya kumpunguzia. Angeweza kusema mtoto alilala tu, hakujua kitu. Alimwambia kweli: alikuulizia. Waliolia pamoja siku ile hawawezi kuisahau sauti ya Mwalimu, na hatutajaribu kuieleza hapa.

Alirudi darasani Januari. Swali lilipoulizwa, akafuta ubao, akajibu kama kawaida. Lakini nyumbani aliacha kulichukulia kama mchezo. Alisoma kila jarida ambalo mwenzake wa chuoni alimpelekea, mikono ikiwa na unga au sabuni, karatasi zimeegemezwa kwenye birika. Mdogo wake aliwahi kumkemea: "Dada, utajiumiza. Hata ungerudi, si ulisema fumbo lile halikubali? Huwezi kubadilisha kitu."

"Nani kakwambia nataka kubadilisha?" alijibu bila kuinua kichwa. "Nataka kuwepo tu. Nikae pale kitandani. Hilo halivunji hesabu ya mtu yeyote."

Ndilo alilolitaka maishani, na hakupata pa kulitafuta zaidi ya kwenye karatasi zile.

Miaka ya baadaye aliongeza kitu kwenye somo lake. Alisema wako wanasayansi wanaofikiri kwamba wakati haupotei unapopita. "Ukitoka chumba hiki ukaingia cha pili, hiki hakibomoki. Labda jana iko hivyo. Ipo palepale na watu wake wote ndani, ila sisi hatuna mlango wa kurudia." Mwanafunzi mmoja akauliza kama hilo limethibitishwa. "Bado," akasema, na wote wakacheka.

Ugonjwa ulimwanza mwaka 2017. Alipoteza funguo, kisha njia ya sokoni, kisha majina. Daktari alipowaambia kuwa ni kumbukumbu zinazokwisha na hakuna tiba ya kuzirudisha, Mwalimu alitoka akaenda na mumewe mpaka kibandani, akakaa kwenye kigoda cha wateja.

"Nitaanza kurudi nyuma," alisema. "Wagonjwa wa hivi ndivyo wanavyokuwa. Nikikuuliza kitu, niambie kilichopo. Niahidi."

"Naahidi."

"Hata nikilia."

"Hata ukilia."

Akarudi nyuma kweli, hatua kwa hatua. Kwanza alisahau kuwa amestaafu, akawa anaamka na kuvaa kwenda shule. Kisha akamsahau mwanawe alivyokua. Kijana alikuja kumrekebishia taa, mama yake akamwambia kwa heshima zote, "Ahsante fundi, karibu tena," na kijana akaenda kusimama bombani uani, amefungua maji ili asisikike. Halafu siku moja akauliza, "Chiriku yuko wapi?"

Mume wake alishika ahadi. Alimwambia. Na Mwalimu akafiwa, sio kwa kukumbuka bali upya kabisa, kilio kilekile cha mwaka ule, na baada ya chai akauliza tena. Ilikwenda hivyo kwa miezi. Muuguzi aliyekuwa akija nyumbani alisema, "Mzee, mkubalie tu. Mwambie yuko shule." Mdogo wa marehemu hakumung'unya maneno: "Shemeji, unamuua dada yangu. Uongo huu nani atakuhukumu?" Akajibu, "Yeye." Akanyanyuka akaenda kukaa nje. Alikonda kuliko mgonjwa.

Mwanzoni mwa mwaka huu, mchana mmoja, mumewe alikuwa anamkata kucha karibu na dirisha. Mwalimu akauliza, "Chiriku yuko wapi?" Yeye akaweka mkasi chini. Anasema alikuwa ameshafungua kinywa kusema yaleyale, mara akakumbuka somo la vyumba.

"Yuko kwenye chumba kile," akasema. "Jana."

"Anafanya nini?"

"Anatoka sokoni. Kavaa sweta ya njano, ile uliyoikosea kuifuma mkono mmoja ukawa mrefu. Anaongea hapumui."

Mwalimu akatabasamu. Kisha tabasamu likaondoka. "Nani yuko naye?"

"Wewe. Umemshika mkono."

Akamtazama kwa muda mrefu, kwa jicho lile la maabara ambalo mumewe hakuwa ameliona kwa miaka.

"Unanisogezea mshale?"

"Hapana. Wewe ndiye uliyefundisha. Ulisema chumba hakibomoki."

"Nilisema hivyo?"

"Ulisema wako wanaofikiri hivyo."

"Wanaofikiri," akasema. "Hawajathibitisha."

"Hawajathibitisha."

"Bado," akasema Mwalimu, akampa mkono mwingine amalizie kucha. Hakulia. Aliuliza tena kesho yake, na keshokutwa, na kila mara alipewa jibu lilelile na sweta ileile, na kila mara alitaka kuhakikisha kwamba mtoto kashikwa mkono.

Mumewe ameomba na hili lisomwe. Anajua kwamba kama chumba cha sokoni kipo, basi na kile cha hospitali kipo, na ndani yake mtoto anaita na hakuna aliyekaa kitandani. Hilo hakumwambia, kwa sababu hakuulizwa. Ahadi yake ilikuwa ya maswali. Amelibeba mwenyewe, na sisi tulio wa familia tunamwomba leo, mbele yenu, atugawie na sisi tulibebe.

Jumatatu, tarehe 12 Februari 2024, mchana, Mwalimu alikataa uji, akaomba dirisha lifunguliwe. Akauliza nani yuko na mtoto. Akajibiwa. Akasema, "Basi sawa," na hayo yakawa maneno yake ya mwisho. Mumewe alikuwa amekaa kitandani, amemshika mkono, na safari hii hakuondoka kufuata dawa wala kitu kingine chochote.

Ameacha mume, mwana mmoja wa kiume na mkewe, wajukuu wawili, mdogo wake wa kike, na wanafunzi wengi waliojaa kwenye uwanja huu na ambao bado wanabishana. Alitanguliwa na wazazi wake, kaka zake wawili, na binti yake Chiriku, ambaye leo mama yake anazikwa kando ya kaburi lake.

Asubuhi ya msiba mzee mmoja alinyanyua mkono kuisimamisha saa ya ukutani, kwa heshima ya marehemu. Fundi saa alimzuia. Alisema saa iliyosimama inadanganya mchana na usiku, na ndani ya nyumba hii haikuwa ruhusa. Kwa hiyo inatembea, na sisi nayo, kwenda upande ule mmoja unaowezekana, kila siku hatua moja mbali na wewe, Dada. Hatukusogezei mshale: inauma.

Lala salama, Mwalimu. Umeshikwa mkono.