Matone ya Rustine

Pale Base Camp, kwenye kambi ya wakimbizi ya Nakivale, mahali gari za Mbarara zinapojazia abiria, kuna ubao mrefu uliolazwa juu ya matofali, ndilo benchi letu. Hapo Georgette anauza kahawa ya tangawizi, na mimi nashona viatu pembeni yake. Siku zile za mwaka 2008 benchi lilikuwa na wenyewe watatu. Gakwaya, mfugaji anayechoma sindano ng'ombe za watu, tulimwita Munganga. Kalume tulimwita Redio kwa sababu hazimiki. Wa tatu alikuwa kaka mkubwa wa damu wa Kalume, kwa lugha yao yaya wake, Appolinaire, fundi baiskeli, na yeye jina lake lilikuwa Rustine, kile kiraka cha kuzibia tairi la ndani. Alhamisi moja asubuhi Rustine alifika damu ikimtoka kwenye nyusi.

— Ni nini tena? Georgette aliuliza.

— Nguzo.

— Nguzo ya wapi?

— Ya kanisa. Ya pale mulangoni. Ilikuwa upande wa kushoto.

— Lakini yaya, Kalume akasema, ile nguzo unapita karibu yake kila siku ya Mungu!

Rustine alijifuta damu. Alikaa, akasimama, akakaa tena. Sisi wote tulijua habari yenyewe. Miezi saba nyuma, kule Mbarara, aliambiwa ana presha ya macho, ugonjwa unaokula kuona kwa mtu polepole kuanzia pembeni, bila maumivu. Alipewa kachupa ka dawa: tone moja kila jicho, asubuhi na jioni, kila siku, maisha yake yote. Na leo ilikuwa tarehe yake ya kurudi kupimwa. Kondakta alikuwa ameshaanza kuita "Mbarara, Mbarara!"

— Panda gari, muzee, nilimwambia.

— Siendi.

— Juu ya nini?

— Nitaenda kusema nini? Ile dawa niliiacha. Leo ni siku ya kumi na tisa.

Georgette aliacha kumimina.

— Uliacha?

— Haifanyi kitu! Tangu nianze, naona vilevile. Halafu inanipa kizunguzungu. Nikiiweka, kisha kidogo naisikia kwenye koo, uchungu kama kinini. Sasa dawa ya macho, kwenye koo inatafuta nini?

Kwa benchi letu hilo lilikuwa swali tamu. Gakwaya alishika kikombe kwa mikono miwili.

— Jicho lako limetoboka ndani, alisema. Nimeona ngombe mumoja wa namna ile. Unaweka dawa huku, inatokea kule.

— Ngombe alipona?

— Tulimula.

— Hapana, si kutoboka, Kalume akasema. Ni dawa yenyewe. Ile balitengeneza juu ya macho ya bazungu, yale ya maji-maji. Macho meusi iko nguvu, dawa inateleza. Njo maana nilikuambia usiweke moja, weka tano.

— Niliweka tano. Siku zingine sita. Chupa ya mwezi ilikuwa inaisha siku kumi.

— Basi weka kumi!

— Na ulale kifudifudi, Gakwaya akaongeza, ili isirudi nyuma.

— Mimi naona ni mawazo, Kalume akaendelea, maana akishaanza haachi. Presha inatoka wapi? Kwenye kichwa. Tangu tukimbie Fizi mutu anawaza vita, anawaza shamba, yale mawazo yanasukuma jicho kwa nyuma. Yaya, acha kuwaza mwezi muzima. Jicho litarudi fasi yake.

— Na kama ni presha kweli, Gakwaya akasema, akasimama kabisa, si ni upepo tu? Wewe fundi wa tairi! Tairi ikijaa sana unafanya nini? Unafinya mupira, inapumua. Mimi niko na sindano nyembamba, ile ya ndama. Kitundu kadogo tu, hapa pembeni...

— Gakwaya, funga kinywa! Georgette alipiga kelele. Mutu iko na macho mawili tu!

Gari ikapiga honi. Viti vitatu vilikuwa bado. Rustine alisimama, akapiga hatua mbili kuelekea garini, akarudi, akakaa. Niliona anaogopa, na aliogopa zaidi kugombezwa na daktari kuliko ile nguzo.

Mwisho wa benchi alikuwa amekaa mama mmoja na kikombe chake, tusiyemjua. Alisema anaitwa Nyirabahire, ametoka Kabazana, kituo cha kupokea wakimbizi wapya, wiki ile, wamempa kiwanja ng'ambo ya barabara. Alikuwa amesikiliza yote.

— Munisamehe, alisema. Mimi ni mugeni. Nataka kuuliza neno moja tu. Kati yenu, nani amekwisha kumuona huyu baba akiweka ile dawa?

Tulitazamana. Miezi saba tulikuwa tumeliongelea lile jicho kila asubuhi. Tulijua rangi ya kifuniko cha chupa. Lakini hakuna hata mmoja, hata mdogo wake, aliyewahi kumwona akiitia.

— Baba, uko nayo hapo? mama akauliza.

Rustine alifungua kisanduku chake cha spana. Kachupa kalikuwa katikati ya minyororo na grisi, kisanduku chenyewe kinashinda juani. Kabla mama hajasema kitu, Rustine alisimama wima, akainua kachupa juu ya uso kama anayetaka kunywa, akafinya. Tone la kwanza likaanguka kwenye ndevu. La pili kwenye shavu. La tatu akalipata, maana ncha ya chupa iligusa jicho lenyewe, naye akapepesa, akapepesa, akapepesa, kisha akajifuta na kitambaa cha mafuta.

Kalume alianza kucheka, akaacha.

— Umeifungua lini hiyo chupa? mama akauliza.

— Hii? Mbele ya Pasaka. Ilipotea humu ndani, nikafungua zingine, zikaisha.

Tulikuwa mwezi wa sita.

— Basi hiyo usiitumie tena. Ikishafunguliwa inahesabiwa mwezi tu. Na haipendi jua. Kaa hapa.

Alimketisha mbele yake chini, akanawa mikono kwa maji ya Georgette, akakirudisha kichwa cha Rustine nyuma mpaka kikaegemea magoti yake. Hakutumia dawa. Alionyesha kwa kidole.

— Baba yangu mimi nilimuwekea miaka kumi na mbili. Angalia. Kope la chini unalivuta kidogo, linakuwa kama mufuko. Tone moja linaingia mule, bila chupa kugusa jicho. Moja linatosha, mufuko haupokei la pili. Kisha unafunga jicho pole, bila kukaza na bila kupepesa. Na kidole hapa, kwenye kona karibu na pua, unabonyeza. Dakika mbili.

— Juu ya nini pale kwenye pua? Gakwaya aliuliza, na safari hii aliuliza kweli.

— Pale iko kanjia kanakoshuka mupaka kwenye koo. Njo ule uchungu anaousikia. Dawa ikipita pale inaingia kwenye mwili wote, jicho linabaki na njaa, na mutu anapata kizunguzungu.

Rustine alikuwa bado amefumba macho, kidole kwenye pua.

— Na baba yako, alisema polepole, alirudia kuona?

— Hapana. Kuona kulikokwisha kuibiwa hakurudi. Lakini kile kidogo alichobaki nacho, alikufa nacho. Siku ya mwisho aliniona mimi.

Kondakta aliita, kiti kimoja. Rustine aliinuka.

— Fundi, aliniambia, tuende wote. Nikienda peke yangu nitasema uongo kule.

Dereva alitubana wawili kwenye kile kiti kimoja.

Mbarara tulikaa kwenye foleni mpaka saa nane. Rustine alisema yote: siku kumi na tisa, matone matano, kisanduku cha spana. Yule daktari hakumgombeza. Alimpima, akasema presha imepanda na upande wa kushoto umepotea zaidi, huo hautarudi. Akamhesabia mapigo ya moyo, akamuuliza kama ana pumu, maana ile dawa ikishuka mwilini inagusa moyo na kifua. Akampa chupa mpya na kumwonyesha yaleyale ya yule mama, na kidole palepale. Akamwambia achague nyakati mbili za siku zisizobadilika, na siku akisikia kizunguzungu aje aseme, asiache kimya kimya. Halafu akauliza swali moja ambalo Rustine, aliyekuwa akinitafsiria maneno yote, hakunitafsiria mpaka tulipokuwa njiani.

Kesho yake asubuhi benchi lilikuwa limejaa. Rustine aliweka dawa mbele ya watu wote, kichwa kwenye ukuta wa duka, Georgette akihesabu dakika mbili kwa saa yake ya mkono. Tone halikugusa ndevu. Kalume alikuwa tayari na habari mpya: kumbe ile njia ya puani ndiyo inayoleta mafua, na mtu akiiziba vizuri...

— Kalume, kaka yake akamkatiza. Daktari aliniuliza kama niko na ndugu wa damu. Anasema hii inatembea ndani ya familia.

— Mimi naona vizuri sana! Naona mupaka ziwani!

— Funga jicho la kuume na mukono. Angalia pua yangu, usitembeze jicho. Ni vile walinipima mimi.

Kalume akafanya, akicheka. Rustine alinyoosha mkono wake pembeni, upande wa kushoto wa mdogo wake, akachezesha vidole. Sisi wote tuliviona vile vidole. Alivisogeza mbele kidogo. Akavisogeza tena.

— Unaona vidole ngapi?

Kalume alikuwa bado anacheka.

— Si uanze basi, alisema. Leta mukono.