Tamasha la Ayalandi na Meno ya Mzee Sadoki

Benchi letu limeegemea ukuta wa gereji ya pancha pale Sakina, kando ya barabara ya Nairobi. Lina miguu minne, mmoja ni tofali. Mvua ya alfajiri ilikuwa imekatika, Mlima Meru umejifunika wingu hadi shingoni, na Prisca muuza kahawa alikuwa ameshaweka birika la kahawa juu ya jiko la mkaa. Saa tano tulikuwa tumekamilika: Gerson fundi pancha, tunayemwita Injinia; Meitamei, aliyelinda lango la mahakama miaka kumi na miwili na kwa sababu hiyo anaitwa Katiba; Efraimu mpiga tarumbeta, yaani Mapafu; na mimi, ambaye kwa kuwa nilipita chuo, kazi yangu kijiweni ni kusoma Kiingereza cha watu wengine. Siku hiyo nilikuwa nimeshika simu ya Efraimu. Ndani yake kulikuwa na fomu kutoka Ayalandi, na mwisho wa kuituma ulikuwa siku hiyohiyo, saa kumi jioni.

Katiba: Soma tena hapo pa matamasha.

Nikasoma. Mwaliko ulitoka kwa mwalimu wa muziki aliyemsikia Efraimu akipiga kwenye hoteli moja ya watalii mwaka jana. Aliandika kwamba msimu unaokuja kwao umejaa. Juni kuna tamasha la michoro na maigizo ya barabarani katika mji wa pwani. Julai yako matatu: la filimbi, la fidla, la washairi. Agosti, katika mji mdogo wa magharibi, kuna tamasha la nyimbo za zamani, ambako watu hupiga mpaka majikoni na kwenye baa, juma zima. Hilo la Agosti ndilo lililomtaka Efraimu.

Injinia: Aisee! Nchi nzima idadi ya watu ni kama ya Dar tu, na matamasha yote hayo? Wanafanya kazi saa ngapi?

Prisca: Wewe unaziba pancha saa ngapi? Tangu asubuhi nakuona umekaa.

Injinia: Pancha haijaja, dada. Unataka nikamtoboe mtu tairi?

Katiba: Tulieni. Kijana, kilichobaki kwenye fomu ni nini?

Vilibaki vitu viwili. Cha kwanza, rekodi ya wimbo mmoja, dakika tatu. Wimbo wenyewe sote tuliujua. Ni ule usio na maneno ambao Efraimu huupiga kila asubuhi pale kijiweni kupasha midomo, unaoanza chini, ukapanda taratibu, ukasita kama mtu aliyefika mlangoni, kisha ukaingia. Cha pili kilikuwa swali fupi: Wimbo huu ulijifunza kwa nani?

Mwalimu alikuwa ameeleza chini yake. Kwao, mtu akisimama kupiga wimbo wa zamani, kwanza humtaja aliyempa. Nimeupata kwa fulani wa kijiji fulani. Ndipo anapiga.

Katiba: Mtego huo.

Prisca: Ameanza.

Katiba: Nimesimama mahakamani miaka kumi na miwili, Prisca. Mtu hakuulizi umekipata wapi kwa sababu anakupenda. Ukitaja jina tu, umekiri si chako.

Injinia: Hapana, mzee. Hiyo ni kama namba ya chasisi. Gari likiibwa, ukapaka rangi, ukabadili na plate, namba iko palepale. Wanataka namba ya wimbo.

Katiba: Ndiyo nasema! Wakishaipata, wameusajili kwao. Miaka kumi ijayo, harusi iko hapo Akheri mlimani, mpiga tarumbeta anaambiwa subiri kwanza, kibali hakijafika kutoka Ayalandi.

Injinia: Au wagundue ni wao tangu mwanzo. Tarumbeta lenyewe si lilikuja na wamisionari? Huenda wimbo ulikuja umejibanza humo ndani, ukapanda mlima pamoja na mche wa kahawa. Mapafu anaenda kuwapigia wimbo wao, wanamwambia asante kwa kuturudishia, kwaheri.

Prisca: Hata kahawa unayokunywa ilikuja, na mbona huirudishi?

Injinia: Hii nairudisha wapi, na umeijaza maji?

Tulicheka. Efraimu hakucheka. Alikuwa amepakata tarumbeta lake, akibonyeza vibonye vyake vitatu, kimoja kimoja, bila kupuliza.

Wakati huo bodaboda iliingia inayumba, tairi la nyuma limelala kabisa. Nyuma ya dereva alishuka mama wa makamo mwenye shuka la bluu begani na madumu mawili ya maziwa. Injinia aliruka kwa furaha ya mtu aliyepata ushahidi.

Injinia: Umeona, Prisca? Pancha hiyo! Shikamoo mama.

— Marahaba. Itachukua muda?

— Dakika kumi na tano tu. Kaa hapo kwenye benchi, yeyo, mama yangu.

Akakaa ukingoni, upande usio na tofali, madumu katikati ya miguu. Alisema anaitwa Namnyaki, anapeleka maziwa mtaa wa Levolosi. Prisca akampa kikombe. Katiba, alipoona kuna msikilizaji mpya, aliongeza sauti.

Katiba: Mimi nitawaambia ukweli wenyewe. Kile ni kisiwa. Mvua mwaka mzima. Watu wamekaa ndani wanaimba, wameimba, wameimba, nyimbo zimekwisha! Sasa wanakusanya mbegu duniani. Huyu chalii wetu wanamwita kama mbegu.

Prisca: Chukua Agosti yako uende, Mapafu. Hawa watakuchelewesha. Andika jina la aliyekufundisha, basi. Ugumu uko wapi?

Efraimu alinigeukia.

— Andika: wimbo wa asili ya Wameru.

Nikaandika. Maneno yalikaa vizuri kwenye kile kisanduku, yalionekana ya heshima. Prisca aliinama akachungulia.

Prisca: Asili ndiyo nani? Anakaa wapi? Ana simu?

Katiba: Muache. Kisheria ni jibu zuri. Halimfungi mtu.

Prisca: Sijauliza sheria. Namuuliza yeye.

Efraimu aliacha vibonye. Aliongea akitazama barabarani, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile hakuna aliyemkatiza.

— Nimeupata kwa mzee Sadoki wa Akheri. Kiongozi wa matarumbeta usharikani kwetu. Nyimbo nyingine zote alitufundisha kwa do-re-mi, kwenye karatasi. Huu hakuuandika. Alinisimamisha kwenye migomba, yeye akakaa upande wa pili nisimwone, anaupiga kipande, mimi narudisha. Nikikosea, hasemi kitu. Anaupiga tena. Miezi miwili. Baadaye meno yake ya mbele yakang'oka, na tarumbeta bila meno halishikiki mdomoni. Akaniambia, sasa meno yangu ni wewe.

Injinia alikuwa ameshika tyubu ndani ya beseni la maji, mapovu yanatoka, naye hayaangalii.

— Kila Pasaka alfajiri tunapiga makaburini, kabla jua halijatoka. Sauti ya kwanza ilikuwa yangu. Mwaka juzi hoteli wakaniita, wageni walitaka muziki wakati wa chai ya asubuhi, Pasaka hiyohiyo. Nikaenda. Nilisema watapata mtu. Hawakupata. Niliambiwa mzee alijaribu mwenyewe. Alilishika tarumbeta mbele ya watu wote, akapuliza, ikatoka hewa tu. Tangu siku hiyo sijapanda Akheri.

Lori likapita, likatikisa vikombe.

Katiba (polepole): Basi ndiyo sababu asili inafaa. Usimtie mzee kwenye mambo haya.

Injinia: Au andika marehemu babu. Marehemu haulizwi.

Prisca: Ninyi wanaume mna roho ngumu. Mzee yupo hai mnamzika kwenye fomu?

Injinia: Si nasaidia?

Katiba: Na akitajwa, wale watu wakimtafuta? Wakimpigia wamuulize, kijana wako tumpe nafasi? Atasema nini?

Prisca: Atasema atakachosema. Ni haki yake.

Katiba: Haki! Unajua haki inavyopotea kwenye karatasi, wewe?

Waliendelea hivyo, sauti zinapanda, kila mmoja akimwamulia Efraimu safari, mzee na Agosti. Mimi nilishika simu, kidole kikiwa juu ya lile neno asili, sijui nifute au niache. Namnyaki alikuwa amemaliza kahawa. Alikiweka kikombe chini, akafuta midomo kwa pindo la shuka, akauliza kwa upole, kama anayeuliza njia:

— Samahani. Huyo mzee asiye na meno, akiutamani wimbo wake, anausikia kwa nani?

Nilimwona Katiba akitafuta jibu, mlangoni mwa mahakama, kwenye vitabu vyote vya sheria ambavyo hajavisoma. Injinia akatazama beseni. Prisca akatazama birika. Mimi nilimtazama Efraimu, na nilijuta, maana macho yake yalikuwa yamejaa.

Alinyoosha mkono, nikampa simu. Alifuta yale maneno ya heshima, akakiacha kisanduku kitupu, akaitia simu mfukoni.

— Saa ngapi sasa?

— Sita kasoro robo.

— Rekodi nitaichukulia huko Akheri, kwa mzee. Kama atanifungulia.

Akalifunga tarumbeta ndani ya mkoba wake, akavuka barabara kati ya mabasi mawili.

Katiba (akipaza sauti): Mapafu! Huko juu mtandao upo?

Alikuwa tayari ameshika mlango wa daladala.

Tairi likawa tayari. Namnyaki alipanda, madumu yakafungwa, akaaga kila mtu mmoja mmoja, akaenda zake Levolosi bila kujua alichotufanyia. Katiba alinyoosha kikombe. Prisca aliinamisha birika mpaka mwisho, yakatoka mashapo tu.

Prisca: Imekwisha.

Tukakaa. Tulikuwa na benchi zima, na hakuna aliyetaka kubishana. Baada ya muda Injinia akasema, hivi ule wimbo unaanzaje? Akaanza kuuguna. Katiba akasema sivyo, akaanza wa kwake. Nami nikajaribu. Tulikuwa tumeusikia kila asubuhi, karibu miaka miwili, tukipiga soga huku kompresa ya Injinia ya kujazia upepo ikinguruma. Chini tulianza sawa. Ulipofika pale unaposita, kila mmoja akashika njia yake, tukaacha.

Injinia akatazama upande wa mlima. Wingu lilikuwa bado shingoni.

— Akirudi, alisema, nikumbusheni nizime kompresa.