Kiunzi Kilichofungwa Kamba

Kijiwe chetu kiko nyuma ya mabanda ya farasi: mti mmoja mrefu wa mviringo, uliolazwa juu ya matairi mawili. Zamani ulikuwa mti wa kiunzi cha kurukwa na farasi. Rangi yake imeisha kwa makalio yetu. Hapo hukaa Msumari, fundi wa kwato. Gia, dereva wa lori la farasi. Mama Birika na kahawa yake. Na mimi, mshona matandiko. Asubuhi hiyo kesi ilikuwa ya farasi jike mchanga anayefundishwa na binti tunayemwita Hatamu. Jumamosi mwenye farasi angekuja, na asipomwona akiruka mita moja, angemuuza akavute mkokoteni. Jana yake farasi huyo aliruka nusu mita kama anacheza. Leo alikigonga kiunzi kilekile mara moja, kisha akagoma kabisa.

— Viatu vizito hivyo, alisema Msumari. Nikimvua vyote vinne, mtamshusha kwa ngazi.

— Wewe hata mbuzi akikohoa utasema viatu! Gia akapuliza kahawa yake. Farasi yule hajui juu kukoje. Nimpakie, nimpeleke mlimani atazame chini. Akirudi, mita moja ataiona kizingiti cha mlango.

— Mpeni kahawa, akasema Mama Birika. Nyinyi mkiikosa hata kuinuka hamuwezi, mkiipata mnataka kuongoza dunia.

— Kiunzi kipandishwe leo leo! Msumari akapiga goti. Ajue hatuna mchezo.

Hapo akatokea Hatamu, ambaye hajawahi kukaa nasi. Suruali vumbi tupu, mkononi kipande cha kamba.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu, nikaitikia. Kaa.

— Sikai, baba. Nina swali tu. Mti wa kiunzi huegeshwa, ili farasi akiugusa uanguke, asiumie. Jana jioni nani aliufunga kamba?

Msumari alichungulia kikombe chake. Gia aliona kitu cha maana sana kwenye tairi. Tulikuwa tumeona aibu mti unavyoangukaanguka. Tukaufunga, tukidhani tunamsaidia binti.

— Ameumia? nikauliza.

— Amechubuka goti. Goti litapona. Ila sasa hauamini mti wowote.

— Basi mpigie simu mwenye farasi, Gia akasema taratibu. Mwambie Jumamosi haiwezekani.

— Simpigii. Na sipandishi kitu. Naanza upya na mti uliolala chini, auvuke kwa kutembea. Jumamosi mwenye farasi atamkuta pale alipofikia. Akitaka kumuuza, anibandue mimi kwanza kwenye hatamu.

— Mti wa chini utautoa wapi? Msumari akauliza.

— Simameni.

Tulisimama, vikombe mkononi. Aliinama, akakamata ncha ya kijiwe chetu, kisha akanitazama mimi.

— Baba, shika upande wa kushoto. Si ndio uliozoea kuukalia?

Nikamwaga kahawa yangu, nikashika.