Jeton Saba za Dubai

Pale kona ya Muhumba kuna benchi la watu wanne. Ramazani, fundi cherehani mwenye mgongo mbovu na ulimi mzima, hukaa mwisho kabisa, penye nguzo ya kuegemea. Mwaka wa kumi na moja huu. Wenzake humwita Bwana Non, maana hajawahi kukubali kitu kabla ya kikombe cha pili cha kahawa. Asubuhi hiyo alikuwa kwenye cha tatu na bado anakataa. Aganze, fundi wa simu, alikuwa amechoka na ugomvi wa nafasi, akawagawia wanne wa benchi, naye akiwamo, jeton kumi na mbili zisizoshikika, tatu kwa kila mmoja, ziko ndani ya simu tu.

— Jeton minajua iko ile ya kungojea docteur, alisema Ramazani.

— Hapana, tonton, alisema Aganze. Hii inaandikwa mu daftari moya, lakini daftari iko mu téléphone ya kila mutu. Ikisha kuandikwa, hakuna mwenye atafuta. Ata miye.

— Na nani anaamua?

— Kura. Jeton moya, sauti moya.

— Non! Mutu moya, sauti moya!

— Haba na haba hujaza kibaba, papa.

Huyo ni Hervé, aitwaye Dubai kwa kuwa alikaa huko siku nne.

— Miye niko na saba. Nafasi ya ku nguzo ikuwe ya mwenye jeton mingi. Tupige kura.

Ramazani aliogopa kwelikweli. Bila nguzo ile, mgongo wake haumalizi kikombe.

— Fikiri, zako ziko wapi? alimuuliza kijana wa nne wa benchi.

— Nilipatia Dubai. Akanipa beignet sita, mandazi za sukari. Zilikuwa za moto, tonton!

— Na miye nilimupatia moya tu, alisema Aganze, akiangalia chini. Ju ya kujaribu système.

— Tufanye na jeton ya kivuli ya hapa, alisema Fikiri. Kivuli ikihama, bei inapanda.

— Tutaiuzisha mpaka ku kisiwa ya Idjwi! alisema Dubai.

— Idjwi beko na miti yabo, alisema Aganze.

— Lakini haiko kivuli ya ville, ya mu mji! Mgeni njoo, mwenyeji apone!

Kura ikapigwa: saba kwa tano. Simu zote zikalia tii. Ramazani akainuka polepole, Dubai akaegemea nguzo na kufumba macho.

Ndipo alipotokea mwanamke wa Nyangezi na kapu lake la marakuja, matunda ya pasheni.

— Naweza kuikala?

— Uko na jeton? aliuliza Dubai.

— Jeton? Kwani hii banc iko ya nani?

Macho yote yakamwendea Maman Mwanvita, muuza kahawa, ambaye kila adhuhuri hulibeba benchi hilo kichwani mpaka kwake. Hakuna aliyemgawia jeton hata moja. Mwanvita akainamisha thermos, likatoka tone moja tu.

— Kahawa imeisha. Musimame.

— Maman, lakini daftari inasema... alianza Dubai.

— Basi mukalie daftari.

Akajitwika benchi, kisha akageuka.

— Papa Ramazani, kesho utaikala ku nguzo. Unakubali?

Wote wakamtazama Bwana Non.

— Oui, maman.