Mama Kipenga Hakukimbia

Wasikilizaji wapendwa, poleni na kazi. Kama umesimama tangu asubuhi, vuta kiti kwanza. Miguu yako imefanya ya kwake.

Leo tunamkumbuka mwamuzi wa mpira wa miguu. Mwanamke. Amechezesha ligi yetu miaka kumi na minane, na wengi mlimjua kwa jina moja tu: Mama Kipenga. Ametutoka Jumapili iliyopita, akiwa na miaka hamsini na sita. Amefia nyumbani kwake, mchana, amekaa kitini, nguo za familia amezikunja nusu.

Nayasema haya mapema kwa sababu uvumi una miguu. Hakufia uwanjani. Hakufa akikimbia. Amefia nyumbani, kitini.

Mpira haukumlisha. Kilichomlisha ni kufua. Alikuwa dobi wa hospitali. Mashuka kutoka wodini, mashuka kutoka chumba cha upasuaji, anayatoa kwenye mashine, anayabeba, anayaanika, anayapiga pasi. "Shuka kavu ni mgeni," alikuwa akisema. "Likilowa linakuwa mkwe, zito na huwezi kulitua." Saa kumi jioni anavua aproni, anavaa bukta, anakwenda mazoezini.

Mumewe ni fundi wa kuchomelea mageti. Mtaani walimbandika jina la Kadi Njano, kwa madai kwamba nyumbani anaonywa kila siku. Hakuwahi kukasirika. "Njano si neno," alikuwa akiwajibu. "Nyekundu sijapewa."

Sasa nisikilizeni vizuri. Kila mwaka waamuzi hupimwa mbio. Usipofaulu, huchezeshi. Miaka tisa iliyopita Mama Kipenga alikuwa na miaka arobaini na saba, na siku ya kipimo aliamka na homa. Koo linawasha, viungo vinauma, macho mekundu. Binti yake mkubwa anakumbuka.

"Nilimwambia, mama, leo usiende. Akaniambia, mwanangu, nikikosa leo watasema wanawake hatukosi visingizio. Akameza vidonge viwili, akafunga kamba za viatu, akaenda."

Akakimbia na homa yake. Mizunguko ya mwanzo ilikwenda. Baadaye nyasi zikaanza kugeuka kijivu machoni pake. Moyo ukamwenda mbio hadi akausikia masikioni. Wenzake walimwona amepauka, wakadhani ni jua. Akaanguka mbele ya meza ya wasimamizi, kalamu zao zikiwa mkononi.

Wakamkimbiza hospitali ileile anakofulia. Wakamlaza juu ya shuka alilolipiga pasi mwenyewe. Aliniambia hivyo kwa mdomo wake: "Nililijua kwa pindo lake."

Alipopata nafuu, daktari wa moyo akamwita yeye na mumewe. Akawaeleza taratibu. Kila moyo una kikomo cha kasi. Watu hukadiria hivi: mia mbili na ishirini, toa umri wako. Kwa miaka arobaini na saba, unapata mapigo mia moja sabini na tatu kwa dakika. Ni makadirio tu, wasikilizaji. Kuna wanaozidi hapo, kuna wasiofika. Na kikomo si mahali pa kukaa. Mazoezi ya kila siku hufanywa chini yake, tena chini sana kwa anayeanza. Lakini siku ya homa, hesabu hiyo weka kando. Ugonjwa unaweza kuwa umeshaingia kwenye misuli ya moyo, nawe unaupiga mjeledi. Misuli ya moyo wake ilikuwa imeumia, na haingerudi kama zamani.

"Moyo wako sasa una kikomo chake peke yake," daktari akamwambia. "Mia moja na kumi, usipite. Na kama huna cha kupimia, tembea mwendo wa kuweza kuongea na mumeo. Ukiona maneno yanakatika, simama."

Kadi Njano akauliza, "Daktari, na kama anaongea kwa kunigombeza?"

Daktari akacheka. Mama Kipenga hakucheka. Akauliza, "Kwa hiyo sikimbii tena?"

"Hukimbii."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo, mama."

Akarudisha jezi nyeusi. Kule hospitali wakamhamishia kwenye meza ya kushona mashuka yaliyochanika. Ligi ikampa kazi ya kukaa mezani, pembeni ya uwanja, kusimamia mchezo. Wenzake walimwambia ana bahati, anakula kivulini. Yeye aliniambia jambo lingine. "Kuchoka kwa kazi nakujua, tumezoeana. Huku kuchoka kwa kujizuia ndiko kunanimaliza."

Miaka miwili ikapita hivyo. Ikaja fainali.

Nilikuwa kibandani natangaza. Jua la saa tisa, uwanja umefurika. Winga wa timu ya nyumbani akageuka kufuata mpira, akaanguka. Hakuguswa na mtu. Mwamuzi akadhani anapoteza muda, akamwonyesha kwa mkono ainuke. Kule mezani, Mama Kipenga alishasimama.

Akaingia uwanjani. Anatembea.

Watu wakapiga kelele. "Kimbia! Mama, kimbia!" Anatembea. Akamnyooshea kidole mshika kibendera aliyekuwa karibu. "Wewe ndiye wa kukimbia. Piga magoti. Mikono katikati ya kifua, bonyeza kwa nguvu, haraka haraka, usiache!" Akamtuma mwingine akaite gari la wagonjwa. Uwanja mzima unazomea, naye anatembea vilevile.

Mshika kibendera yule ameniambia wiki hii: "Alipofika mikono yangu ilishalegea. Akasema, mpishe kipa, naye akichoka rudi wewe. Sauti yake ilikuwa ya chini kabisa, kama anatuagiza chumvi. Ndiyo iliyonituliza."

Winga alipona. Narudia kwa sababu wengine hulisahau hili: winga alipona. Yuko hai, ana duka la vifaa vya umeme.

Lakini siku zile mji haukuzungumzia kupona kwake. Ulizungumzia miguu ya Mama Kipenga. Eti alitembea kama anakwenda kuchagua nyanya. Mlipiga simu hapa, mkasema mengi. Yeye aliendelea kushona mashuka yake.

Kisha mama mzazi wa winga akaenda kwake. Amekubali kuzungumza nasi.

"Nilikwenda na maneno yangu nimeyapanga. Nikamwambia, mwanangu anakata roho, na wewe unatembea? Angekuwa wako ungetembea? Akasema, ningetembea. Nikamuuliza, hata wako wa kumzaa? Akasema, hata wangu, dada yangu. Ningekimbia, wangekuwa na vifua viwili vya kubonyeza, na wa kubonyeza walikuwa wachache. Nikataka kumjibu, akachukua mkono wangu, akauweka hapa kwenye kifundo cha mkono wake. Mshipa ulikuwa unaruka, unasimama, unaruka tena. Na alikuwa amekaa tu! Nikamuuliza, ndivyo unavyoishi? Akasema, leo moyo uko vizuri. Nikaomba maji ya kunywa. Nilikaa pale mpaka jua likazama."

Tangu siku ile waliitana dada. Wasikilizaji wapendwa, hao ndio waliomwosha Jumatatu: binti zake, na dada huyo.

Miaka iliyofuata haikuwa na vishindo. Alizunguka kwenye timu za mitaani akirudia maneno yaleyale: ukiwa na homa, lala. Kifua kikikubana, kizunguzungu kikikushika, toka nje, nenda kapimwe. Wengine walisikia. Wengine walisema anatia watu woga. Akarudi tena juma lililofuata. Mwaka jana ngazi za nyumba yao zilimshinda, wakahamia chumba cha chini. Miguu ikawa inavimba. Jumapili alikunja nguo, akasema ngoja avute pumzi kidogo, mumewe akaenda kuweka chai jikoni. Aliporudi, alikuwa amekwisha kwenda.

Kwa mumewe, kwa binti zake, kwa wenzake wa chumba cha kufulia na waamuzi wote: tunawapa pole. Mungu awape subira. Nanyi mnaonisikiliza, mara ngapi mtu amekwambia "nimechoka" ukamjibu "kaza"? Mara ngapi umejijibu mwenyewe hivyo? Lifikirie usiku wa leo, kabla hujaweka kengele ya kesho.

Nilimuuliza Kadi Njano niwaambie nini.

"Wanaokuja kunipa pole wananiambia, sasa amepumzika. Nawaambia hapana. Mke wangu alianza kupumzika miaka tisa iliyopita, siku aliyoambiwa, na alichukia kila siku ya kupumzika huko. Lakini alipumzika. Ndiyo maana nilikaa naye miaka tisa zaidi."