Sauti Yangu Iliyofanya Kazi Bure Mwaka Mzima

Bwana asifiwe! Ndugu zangu, mimi ni yule mama ambaye akisimama kuomba, maiki inazimwa maana haihitajiki. Leo sikuja kuomba. Nimekuja kusema vile Mungu alinitoa kwa kifungo cha maneno mawili: "Nipe chochote."

Nilifika darasa la tatu tu, lakini sauti nilipewa! Harusi za Ndalu mpaka Malakisi, nikipiga vigelegele hata ng'ombe wanainua vichwa. Nikiulizwa bei nasema, "Nipe chochote." Niliona kuuza kipawa cha Mungu ni dhambi. Lakini niseme ukweli. Haukuwa utakatifu. Ulikuwa uoga!

Basi mzee mmoja wa Kitale, anayetengeneza chakula cha kuku, akanitafuta nimsemee tangazo la sekunde thelathini. Nikamwambia hayo maneno yangu mawili. Akanipa leso na kilo mbili za sukari. Nikarudi nyumbani naimba! Sukari ikaisha kwa wiki mbili. Tangazo likaendelea mwaka mzima.

Siku moja niko dukani Saboti, nanunua chakula hicho hicho, pesa imepungua kidogo. Nikamwomba mwenye duka anipunguzie. Akacheka. "Kupunguza? Hebu sikia huyo mama kwa spika anavyokisifu! Chakula kama hiki utapunguziwa?"

Ndugu zangu, huyo mama alikuwa mimi! Sauti yangu mwenyewe ilininyima punguzo! Nilitoka pale mikono mitupu, machozi kwa leso ile ile, nikasema, "Baba, ulifungua huu mdomo kwa vigelegele. Ufungue na kwa bei!"

Mjukuu wangu Nekesa yuko Bungoma, kazi yake ni kusoma matangazo. Nikampigia simu.

"Kukhu," akaniambia, "wacha kuhesabu sekunde. Uliza litachezwa wapi, na kwa muda gani. Taja bei, halafu unyamaze."

"Ninyamaze? Mimi?"

"Hapo ndipo utahitaji maombi, Kukhu."

Haikupita mwezi, yule mzee akapiga. Anataka tangazo lingine, la chakula cha vifaranga. Nikamtajia bei: miezi mitatu, redio na spika za maduka. Akaruka!

"Ati pesa ngapi? Si ni sekunde thelathini tu, mama, bana!"

Nikamuuliza, "Ukikodi ng'ombe wangu walime asubuhi moja, utakaa nao mwaka mzima?"

Halafu nikanyamaza. Ndugu zangu, hiyo ndiyo ilikuwa vita! Paa langu lilikuwa linavuja juu ya kitanda, na kazi naiona inaenda. "Nipe chochote" ilifika mpaka kwa meno. Bwana akayashika meno! Nikasikia kuku wakichakura uani. Nikasikia mzee akipumua.

"Sawa, mama," akasema. "Nakutumia nusu leo."

Miezi mitatu ikaisha, spika zikanyamaza, akapiga mwenyewe kuuliza bei ya mitatu mingine. Leo nalala chini ya mabati mapya. Asante Yesu! Fungu la kumi nimelileta, msiniulize ni ngapi.

Dada yangu unayeshona, wewe unayepikia watu harusi halafu unaogopa kutaja bei, mtegemee huyu Mungu. Taja. Kisha nyamaza, umpe nafasi afanye kazi yake.

Mimi nimemaliza, sasa nanyamaza. Na nyinyi mnaonijua, hebu niambieni kama huo si muujiza!